Vyombo vya Bi Arzula, Mtaa wa Tolman

Saa tisa kasorobo alasiri, Jumanne moja ya Septemba mwaka 2014, Verlene Mabry alikuwa amebakiza nyumba kumi na moja tu kumaliza zamu yake. Mkoba wa barua ulikuwa umepungua uzito, kisigino cha kushoto kimeanza kumuuma kama kawaida yake ifikapo saa hiyo, na mkononi ameshika bili ya gesi, jarida la kanisa na vipeperushi vinne vya duka la matairi. Alipofika nyumba namba 1834 ya Mtaa wa Tolman, upande wa magharibi wa Chicago, alimkuta mwanamume aliyevaa tai akipigilia kibao kwenye kijibustani cha mbele. Kibao kilisema nyumba inauzwa.

Verlene alisimama. Aliitazama ile nyumba ya mawe ya kijivu ya ghorofa mbili, madirisha yake ya mbele yaliyotokeza nje kama kifua cha njiwa, halafu akageuka kumtazama bibi yake aliyekuwa ameketi kwenye kochi lake la kijani, pale pale kwenye njia ya miguu, mikono imetulia mapajani.

"Wanaiuza tena," Bi Arzula alisema. "Na huyo wa tai hata salamu hana."

"Labda hakukuona, Bibi."

"Kaniona. Kanikanyaga kidole."

Bi Arzula Mabry alifariki mwaka 1978, katika nyumba ya kupanga upande wa kusini wa mji, akazikwa Jumamosi kwa heshima zote. Jumatatu yake mpeleka barua wa wakati huo alimkuta Mtaa wa Tolman, amekaa kwenye kochi, kavaa gauni lake la bluu la kanisani. Vyombo vyenyewe vilikuwa vimetangulia kuwepo hapo miaka tisa. Vilitolewa nje asubuhi ya tarehe kumi na nne Januari mwaka 1969 na watu watano waliokuja na amri ya mahakama: kochi, kabati la kioo, meza ya jikoni yenye miguu ya chuma na viti vyake vinne, redio kubwa ya kusimama, cherehani ya kukanyaga, na vitanda viwili. Jioni ya siku ile ukoo ulikuja na lori kuvichukua. Wanaume wanne walishindwa kunyanyua hata kiti kimoja. Wakarudi kesho yake wakiwa wanane, wakashindwa tena, wakaondoka.

Tangu hapo vyombo vilibaki. Mvua ilinyesha ikakomea miguuni mwa kochi. Wakati wa theluji, wafanyakazi wa mji walisafisha njia kwa kuvizunguka. Watoto waliokulia mtaani walijua kuwa kitandani hapapandwi na viatu. Wenye nyumba walikuja na kuondoka, watano kwa hesabu ya Bi Arzula, na kila mmoja alilalamika mwezi wa kwanza, kisha akazoea kushuka barabarani kila anapopita.

Verlene alikuwa na miaka saba siku ile ya Januari. Alitoka shule akakuta kitanda chake kiko nje. Kilichomkaa kichwani miaka yote hiyo hakikuwa wale watu watano wala majirani waliosimama vibarazani. Ni kwamba kitanda kilikuwa kimetandikwa. Bibi yake alikuwa amekifuata kitanda mpaka njiani, akanyoosha shuka, akakunja pembe nne za blanketi, akauweka mto juu yake. Verlene alikaa pale kitandani, na viatu vyake vya theluji vikining'inia, akangoja aambiwe wanakwenda wapi.

Alipopata kazi ya posta aliomba apewe zamu ya barua za mtaa huo. Alingoja miaka sita mpaka mwenye nayo alipostaafu. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu akipita mbele ya nyumba ile kila siku isipokuwa Jumapili, akitia barua za watu wengine kwenye tundu la mlango ambao babu yake aliupaka rangi ya damu ya mzee kwa mikono yake.

"Wanataka shilingi ngapi?" aliuliza Bi Arzula, ambaye tangu afe aliziita pesa zote shilingi, za nchi yoyote.

Verlene alimuuliza mtu wa tai, akamrudishia bibi yake jibu. "Dola elfu tisini na sita."

"Babu yako aliambiwa elfu ishirini na mbili, na ilikuwa haifiki kumi na moja." Bi Arzula aliitazama nyumba. "Ile bomba ya jikoni bado inavuja. Naisikia."

*

Jioni ile Verlene hakula. Alikaa katika nyumba yake ya kupanga, akayafikiria mambo ambayo hakuwa ameyafikiria kwa mpangilio siku nyingi. Jumapili asubuhi, kwa mfano. Babu Ezell anafungua redio kubwa kabla hajavaa soksi, kwaya inaimba, na mabomba ya mvuke ya kupasha nyumba joto yanagonga ukutani kama yanapiga makofi kuitikia. Bi Arzula yuko jikoni na sufuria ya sukuma iliyokaa motoni tangu alfajiri na kongoro la nguruwe. Mvuke unapanda, kioo cha dirisha kinafanya ukungu, na Verlene anaandika jina lake kwa kidole. Babu Ezell anapita, anaandika la kwake chini yake. Anasema, "Sasa nyumba ina sahihi mbili, hakuna wa kutudai."

Lakini alikuwepo wa kudai. Mwaka 1957 Ezell Mabry, fundi wa kiwanda cha matrekta, alizunguka benki sita na barua ya mwajiri wake. Zote zilimjibu kwa adabu. Serikali ilikuwa imekubali kudhamini mikopo ya nyumba nchi nzima, ila ilikuwa na ramani yake, na katika ramani hiyo mtaa wowote uliokaliwa na weusi ulipakwa rangi nyekundu. Pasipo dhamana ya serikali, hakuna benki iliyotoa mkopo. Ndipo akaja mtu mmoja mwenye kofia nzuri akawauzia kwa mkataba wake mwenyewe, bei mara mbili, na hati ya nyumba anabaki nayo yeye mpaka senti ya mwisho. Ezell alilipa miaka kumi na moja na miezi minne. Kisha akavunjika kifundo cha mkono kiwandani, akaruka miezi miwili. Mkataba ulisema akiruka miwili, yote aliyolipa ni kodi ya pango. Alikufa mwaka 1971, na yeye hakurudi. Bi Arzula alisema ni aibu tu inamzuia, wala hana neno naye.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya zamu, Verlene aliitafuta namba ya ofisi ya mikopo.

*

Ofisa mikopo aliitwa Gerald Wojtas, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, ambaye mezani pake paliwekwa bakuli la peremende. Alimpa Verlene orodha: hati za mshahara za siku thelathini, hesabu za kodi za miaka miwili, taarifa za benki za miezi miwili, kitambulisho. Verlene alivileta vyote kwenye bahasha aliyoipanga vizuri kama barua zake. Wiki iliyofuata Wojtas alimpigia. Makao makuu walitaka kujua dola mia tisa zilizoingia kwenye akaunti yake mwezi Agosti zilitoka wapi.

"Kwa mdogo wangu Clevon. Nilimkopesha akanunua jokofu."

"Basi aandike barua kusema hivyo, mama."

Clevon aliandika, ukurasa mzima. "Weka na picha ya jokofu," alimwambia dada yake. "Maisha yangu yote hakuna ofisi iliyowahi kunitaka niandike kwamba nimelipa deni. Nataka nakala nitie fremu."

Katika fomu palikuwa na mahali pa kuandika idadi ya watakaoishi katika nyumba. Verlene aliandika wawili.

"Huyu wa pili ana kipato?" Wojtas aliuliza.

"Hana. Ni bibi yangu. Amefariki."

"Kama hana kipato hatumhesabu," alisema Wojtas, akasahihisha.

Walipofika kwenye ukurasa wa bima, Wojtas alivuta kiti karibu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi walipouliza maswali. Verlene alikuwa na pesa za kutanguliza asilimia tatu na nusu, ndiyo sababu alikuwa akichukua mkopo huu wa dhamana ya serikali na si mwingine. Kwa hiyo kulikuwa na bima ya aina mbili. Ya kwanza ililipwa mara moja, dola elfu moja mia sita na ushei, nayo ingeongezwa juu ya deni ili asiumie kuitoa mkononi. Ya pili ilikuwa ya kila mwezi, dola mia moja na nne.

"Ni bima ya moto?" Verlene aliuliza.

"Hapana. Ya moto ni nyingine, ipo ukurasa wa mbele. Hii ni ya mkopo. Ukishindwa kulipa, benki inarudishiwa pesa zake."

"Na mimi?"

"Wewe unakuwa umeshindwa kulipa."

"Hapo nimeelewa. Nauliza mimi inanipa nini."

Wojtas alifikiri kwa moyo safi. "Inakupa mkopo," alisema.

"Nikifa?"

"Hiyo pia ni nyingine. Nina kijitabu chake."

"Na hii ya mia moja na nne, inakoma lini?"

"Zamani ilikuwa inakatika deni likishashuka kiasi fulani. Mwaka jana mwezi wa sita wakabadilisha. Kwa kiwango chako cha kutanguliza, inakwenda na mkopo mpaka mwisho. Miaka thelathini." Alionekana kuona haya kidogo. "Ungekuja mwaka juzi, mama."

"Mwaka juzi ilikuwa haiuzwi."

Wojtas alimsogezea peremende. Alisema mkopo huu ni mzuri, hasemi kwa sababu ya kazi. Babu yake mwenyewe aliuchukua mwaka 1951 akanunua nyumba ya matofali upande wa kaskazini, na bima wakati huo ilikuwa nusu ya asilimia moja tu. Nyumba hiyo ndiyo ilikuja kuwekwa rehani kumsomesha baba yake, halafu ikauzwa ikamsomesha yeye. Alisema hivyo kwa mapenzi, kama mtu anayekumbuka mti uliokuwa uani kwao. Verlene alimuuliza ilikuwa na vyumba vingapi. Vitatu, alisema, na dari ambako walikuwa wanaanika vitunguu. Kila mmoja alibaki na nyumba yake kichwani, kisha Verlene akatia sahihi.

*

"Hebu rudia," Bi Arzula alisema siku ya pili. Verlene alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, anapumzisha kisigino. "Sisi walitukataa."

"Ndiyo."

"Walisema hawawezi kuwakinga mabenki na sisi."

"Ndiyo, Bibi."

"Na sasa wamekubali kuwakinga mabenki na wewe. Ila anayelipa ni wewe."

"Ndivyo ilivyo."

"Kwani umewafanya nini, mke mwenzangu?"

"Sijawafanya kitu."

"Umewatisha. Hicho kikofia cha posta kinatisha." Bi Arzula alikuwa hajacheka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Halafu aliacha. "Chukua nyumba, mjukuu wangu. Nimechoka kuisikia ile bomba."

Mthamini alikuja wiki ya kwanza ya Oktoba. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye utepe wa kupimia na viatu vya mpira. Alipima vyumba, akafungua mabomba, akakwangua rangi ya dirisha kwa ukucha. Nje, alipima na vyombo. Aliandika urefu wa kochi, akamwomba Bi Arzula radhi, akaandika na urefu wa Bi Arzula. Taarifa yake ilikuwa na masharti matatu. Rangi inayobanduka kibarazani ikwanguliwe na kupakwa upya. Ngazi ya chumba cha chini iwekewe kishikio. Vyombo vilivyozuia njia mbele ya nyumba viondolewe kabla ya mkopo kutolewa.

Mambo mawili ya kwanza Clevon aliyamaliza kwa Jumamosi moja. Kwa la tatu Verlene alikwenda kwa bibi yake.

"Hapana," Bi Arzula alisema.

"Bibi, hawatoi mkopo."

"Vitanyanyuka siku karatasi ya nyumba ikiwa mkononi mwa Mabry. Nilisema hivyo wakati wale watu wanavitoa. Nilisema wakasikia."

"Na karatasi haipatikani mpaka vinyanyuke."

"Hilo si langu."

"Ni la nani?"

Bi Arzula aligeuza uso barabarani. Alikuwa akimtazama mtu wa tai, aliyekuwa amerudi na wanaume wawili wa kampuni inayonunua nyumba kwa pesa taslimu. Walikwisha kununua tatu katika mtaa ule tangu kiangazi. Walisimama katikati ya barabara wakiitazama nyumba juu mpaka chini. Mmoja aliegemeza mkoba wake kwenye meza ya jikoni ili aandike kitu.

Mkataba wa Verlene wa kuinunua nyumba ile ulikuwa unaisha tarehe kumi na nne Novemba. Aligundua kuwa alikuwa anashindwa kulala. Barua alizitia kwenye matundu yasiyo yake, mara mbili, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Alimkasirikia bibi yake kwa namna ambayo hakuwahi kumkasirikia alipokuwa hai, na siku nne alipita upande wa pili wa barabara. Siku ya tano Bi Arzula alimwita kwa jina lake la utotoni, Pipi, na Verlene akavuka.

"Unanuna kama babu yako," Bi Arzula alisema. "Mdomo huo huo. Alikuwa akinuna nampikia kunde, basi anakula huku amenuna."

"Sitaki kukupoteza, Bibi, na sitaki kuipoteza nyumba."

"Mimi unipoteze uende wapi? Miaka thelathini na sita niko hapa hapa. Nenda kaulize ofisini kwao. Watu wale hawatupi karatasi."

Verlene aliandika barua kwa ofisi ya mji inayoshughulikia barabara, akaeleza jambo lote kwa kirefu, akaambatanisha picha. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na saba, na kwa kuwa anwani aliyotoa ilikuwa ya Mtaa wa Tolman, alijipelekea mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Ofisi ilisema imepekua kumbukumbu zake. Vyombo vilivyotajwa viliwekwa mahali hapo kwa amri halali ya mahakama ya tarehe 14 Januari 1969. Amri hiyo haijawahi kutenguliwa. Kwa hiyo vyombo hivyo haviwezi kuhesabiwa kuwa kizuizi, kwani vipo mahali pake kisheria, na yeyote atakayeviondoa pasipo idhini atakuwa anavunja amri.

Wojtas aliisoma barua hiyo mara mbili. "Hii ni nzuri sana," alisema. Aliituma makao makuu. Kesho yake sharti la tatu lilifutwa.

*

Tarehe kumi na tatu Novemba, Verlene alitia sahihi karatasi sitini na moja katika chumba kisicho na dirisha. Mkono ulimchoka kufikia ya arobaini. Baada ya sahihi ya mwisho alipewa kalamu aondoke nayo, na ufunguo mmoja, na bahasha nene. Clevon alikuwa akimngoja nje na lori la kuazima, rafiki zake watatu, na mikanda ya kujifunga viuno.

Walipofika Mtaa wa Tolman, Verlene alimwonyesha bibi yake hati, jina la Mabry likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Bi Arzula alilifuata jina kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatikisa kichwa kukubali.

Clevon alikuwa amejikaza kunyanyua meza ya jikoni, nusura aanguke chali. Meza ilikuwa nyepesi kama kikapu. Alinyanyua kabati la kioo peke yake, akalipandisha ngazi za kibarazani huku akijitazama. "Mnaona," aliwaambia rafiki zake. "Ni gym." Hawakuhitaji lori wala mikanda. Kila chombo kilikwenda mahali pake pa zamani pasipo kuulizwa. Jikoni, chini ya tabaka tatu za mikeka ya plastiki ya wapangaji, miguu ya meza ilizama kwenye vidonda vyake vinne sakafuni. Redio ilipochomekwa ukutani ilikohoa, ikatoa kwaya ya Jumapili, halafu tangazo la duka la samani ambalo lilifungwa kabla Clevon hajazaliwa. Hakuna aliyeizima.

Mwisho kabisa Bi Arzula alisimama. Alinyoosha gauni lake nyuma, palipokuwa na mikunjo ya miaka mingi, akapanda ngazi tisa akishika ukuta. Waliingiza kochi nyuma yake.

Alizunguka nyumba chumba kwa chumba. Aliweka kiganja juu ya bomba la joto, akalikuta baridi, akakiacha kiganja mpaka bomba likaanza kugonga. Chumba cha nyuma alisimama mlangoni tu. "Hapa mama yako alikuzaa," alimwambia Verlene, "theluji imefika dirishani, mkunga amekwama njiani. Babu yako alichemsha maji mengi, tukayaogea wiki nzima." Jikoni alipiga magoti chini ya sinki, akalikaza lile bomba kwa mkono.

Kisha akapika. Verlene alikaa pale alipokuwa akikaa, kwenye kiti cha kwanza karibu na dirisha. Palinuka kunde, vitunguu na mkate wa mahindi. Kioo kilifanya ukungu. Hakuna aliyeandika kitu. Clevon, ambaye hakuwahi kuishi katika nyumba ile, alikula sahani tatu pasipo kufanya mzaha wowote, na alipomaliza alibaki akipapasa ukingo wa meza kwa dole gumba. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya reli, na mwanga wa mwisho ulipita kwenye vile vioo vya mbele, ukajaa sebule yote, mpaka kochi likarudi kuwa la kijani kama lilivyonunuliwa.

"Nipe hizo karatasi," Bi Arzula alisema.

Alizisoma mezani, zote sitini na moja, akilowesha kidole. Redio iliendelea. Alipofika ukurasa wa bima alisimama.

"Nyumba hii ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu, Bibi. Na ya benki mpaka nimalize."

"Ukiteleza miezi miwili?"

"Mitatu. Sasa wanangoja mitatu, wakati mwingine minne."

"Wamerekebisha." Alirudi kwenye ukurasa. "Na ukiteleza hiyo minne, hii mia moja na nne ya kila mwezi inamlipa nani?"

"Wao."

"Na wewe?"

Clevon alianza kukusanya sahani.

Bi Arzula alizipanga karatasi zikalingana pembe, akazirudisha kwenye bahasha. Aliosha sahani yake, akaifuta, akaiweka kabatini, akakunja kitambaa. Aliwaambia wamtolee kochi.

"Bibi, ndiyo kwanza umeingia."

"Nimeingia, nimeona, nimekula. Nyumba nzuri, mwanangu, umefanya vizuri, na kitanda chako kikae ndani, wewe una kazi asubuhi. Lakini mimi nilitolewa mara moja na watu watano, wawili wamenishika mikono. Sitakaa hapa nikisikiliza mlango miaka thelathini. Safari hii nimetoka mwenyewe, kwa miguu yangu."

Hawakubishana naye. Clevon alishika upande mmoja, Verlene mwingine, wakashuka ngazi tisa, wakaliweka kochi pale pale. Lilipogusa ardhi lilitulia kwa uzito wake wote wa zamani. Bi Arzula aliketi, akapakata mikono. Jirani wa namba 1836 alikuwa anarudi kazini. Aliona vyombo vingine havipo, akaona kochi lipo, akamwamkia Bi Arzula na kushuka barabarani kupita.

Verlene alihamia Jumapili. Tarehe mosi Desemba alilipa mwezi wa kwanza wa bima, ingawa mkopo wenyewe ulikuwa haujaanza kudaiwa, kwa sababu hakutaka kuanza kwa kukawia. Ofisa wa simu alimwambia si lazima bado. Alilipa hivyo hivyo.

Siku ile theluji ilianza kudondoka alasiri. Alipomaliza zamu alipita jikoni, akapakua sahani, akaifunika na nyingine, akatoka nayo kibarazani. Njia ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa chini ya kochi na hatua moja kulizunguka. Bi Arzula alipokea sahani akainusa.

"Chumvi umeogopa."

"Daktari kasema."

"Yako, sawa. Yangu inahusiana nini na daktari?" Alikula kidogo. Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikiimba, na ilisikika vizuri. "Imebaki miaka mingapi?"

"Thelathini kasoro mwezi."

"Utakuwa na themanini na mbili."

"Themanini na mbili na ushei."

"Na muda wote huo watakuwa bado wanakuogopa."

"Mpaka malipo ya mwisho, Bibi."

Bi Arzula alitafuna, akiitazama nyumba, taa ya jikoni ikiwaka dirishani. Kisha akasogea kidogo upande wa kushoto wa kochi, akampisha nafasi.